Ngozi ya mtoto mchanga na maambukizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu hasa siku 28 za mwanzo wa maisha, kipindi ambacho mtoto huitwa mchanga kwa maana ya kitabibu. Kama mtoto wako hanyonyi, ana homa, amepoa isivyo kawaida au amelegea, usianze kusoma ukurasa huu. Mpeleke hospitali sasa hivi.

## Mambo ya msingi

Kwa nini ngozi ya mtoto mchanga huambukizwa kirahisi kuliko ya mtu mzima?

Kwa sababu bado inajengwa. Tabaka lake la juu kabisa, lile linalozuia maji yasitoke mwilini na vijidudu visiingie, ni jembamba kuliko la mtu mzima kwa takriban asilimia 20 hadi 30, na hapo tunamzungumzia mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni. Tabaka lipo na linafanya kazi, ila ni ukuta ambao saruji yake haijakauka. Safu ya nje nayo haijashikamana vizuri na ya chini yake, ndiyo maana plasta ikibanduliwa kwa haraka huondoka na ngozi.

Halafu kuna asidi. Ngozi ya mtu mzima ina asidi kidogo, pH ya karibu 5 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka), na vijidudu vingi vya maradhi havistawi hapo. Mtoto huzaliwa na ngozi yenye pH ya zaidi ya 6, ikishuka taratibu katika siku na wiki za mwanzo. Kila sabuni kali huirudisha nyuma safari hiyo.

Jambo la tatu halionekani kwa macho: askari wa mwili ni wachache. Kingamwili anazopewa na mama kupitia kondo la nyuma nyingi huvuka katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, na akiba yake ya chembe nyeupe za damu huisha upesi mapambano yakianza. Kwa mtu mzima, jipu hubaki jipu. Kwa mtoto wa siku sita, vijidudu vya kipele kimoja vinaweza kuingia kwenye damu na kufika hadi kwenye utando wa ubongo. Si kwamba hutokea mara nyingi, ila ndiyo sababu wahudumu wa afya hawakipuuzi kipele chenye usaha kwa umri huo.

Ule utando mweupe anaozaliwa nao ni uchafu?

Hapana, na ni vizuri kumwambia hivyo kila mwenye kitambaa mkononi. Sehemu kubwa ya utando huo, kama asilimia 80, ni maji. Kinachobaki ni mafuta na protini. Baadhi ya protini hizo, kama laisozaimu na laktoferini, hupambana na vijidudu. Pia hulainisha ngozi na kuisaidia kushuka kwenye pH inayotakiwa. Mtoto akizaliwa hufutwa damu na maji ili asipoe, lakini utando huu haukwanguliwi. Uache, ngozi itaufyonza yenyewe, na utakaobaki kwenye mikunjo utatoka taratibu.

Kwa hiyo ngozi yake inapaswa kuwa haina vijidudu kabisa?

La. Ndani ya saa chache baada ya kuzaliwa ngozi hupata wakazi wake, na inatakiwa iwapate. Aliyezaliwa kwa njia ya kawaida huanza na bakteria wa njia ya uzazi ya mama, aliyezaliwa kwa upasuaji huanza zaidi na wale wa ngozi za watu, na baada ya wiki chache tofauti hiyo kwenye ngozi hufifia. Bakteria hao wema hukalia nafasi ambayo wabaya wangeitaka. Hii ni sababu mojawapo ya kumweka mtoto kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa: anaokota vijidudu vya mama yake, ambavyo mama tayari ana kingamwili zake, na kingamwili hizo zinakuja kwenye maziwa.

Maambukizi ya ngozi hutoka wapi hasa?

Mikononi mwa watu. Bakteria anayesababisha sehemu kubwa ya vipele vya usaha kwa watoto wachanga ni stafilokokasi oriasi, ambaye karibu mtu mmoja kati ya watatu humbeba puani bila kuumwa chochote. Mtu anagusa pua, kisha anamgusa mtoto. Ndivyo inavyotokea, hata kwenye nyumba safi inayong'aa. Wengine ni streptokokasi, na bakteria wa tumboni kama E. koli, ambao hupenda eneo la nepi na kitovu.

Kwa hiyo ukiwa na nguvu za kufanya jambo moja tu, simamia mikono. Anayetaka kumbeba aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka, avue pete na saa, na mwenye jipu au kidonda mkononi asubiri. Mgeni atakayenuna leo atasahau kesho.

## Kuoga, mafuta na poda

Aogeshwe lini mara ya kwanza, na baada ya hapo mara ngapi?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kusubiri angalau saa 24. Mtoto akiogeshwa mapema hupoa, na akipoa ananyonya vibaya. Pia anapoteza ule utando uliotajwa juu. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU au homa ya ini ya B ana utaratibu wake, kwa hiyo fuata maelekezo ya kituo alikozaliwa.

Baadaye, mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha kabisa, dakika tano hadi kumi, kwa maji ya uvuguvugu wa mwili. Siku nyingine mfute uso, shingo, kwapa, viganja na eneo la nepi. Mkunjo wa shingo unahitaji jicho la pekee: maziwa hutiririka hapo, yanachacha, na ngozi inalowana mpaka inachubuka. Mwinue kidevu, futa kwa kitambaa chenye maji, kisha kausha kwa kugandamiza badala ya kusugua.

Niweke dawa ya kuua vijidudu kwenye maji yake?

Usiweke. Ukilinganisha na uzito wake, mtoto mchanga ana eneo la ngozi kubwa mara kadhaa kuliko mtu mzima, na ngozi yenyewe ni nyembamba, kwa hiyo unachompaka kinaingia mwilini kuliko unavyodhani. Historia ina mfano mchungu. Mwaka 1972 huko Ufaransa, poda ya watoto iliyoitwa Talc Morhange iliwekewa kimakosa kiasi kikubwa cha heksaklorofini, dawa iliyotumika wakati huo kuua vijidudu. Watoto 36 walikufa kwa sumu iliyopenya ngozini na kushambulia mfumo wa fahamu.

Iodini nayo, ikipakwa eneo kubwa, hufyonzwa na kuvuruga tezi ya shingo. Spiriti huunguza ngozi ya njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Maji matupu, au maji na sabuni laini kidogo isiyo na manukato, yanatosha.

Je, nimpake mafuta kila siku ili kuikinga ngozi yake?

Kwa mtoto aliyetimiza miezi na mwenye afya, WHO haipendekezi kupaka mafuta kama kawaida kwa lengo la kuzuia magonjwa ya ngozi. Watu wengi hushangaa kusikia hivyo. Mtoto mchanga hubambuka ngozi katika wiki mbili za mwanzo, hasa kwenye vifundo vya miguu na viganja, na hiyo ni ngozi ya tumboni inayoondoka. Si ukavu wa kutibu.

Kulikuwa na matumaini kwamba kupaka mapema kungezuia pumu ya ngozi. Utafiti wa BEEP uliofanywa Uingereza kwa watoto 1,394 na kuchapishwa mwaka 2020 haukuona faida hiyo. Badala yake, watoto waliopakwa kila siku walipata maambukizi ya ngozi mara nyingi kidogo zaidi kuliko wenzao. Utafiti huo hausemi kwamba mafuta ni sumu, ila kidole kinachochota kwenye kopo mara mbili kwa siku kinaacha kitu humo.

Ukiamua kupaka, chagua mafuta yasiyo na manukato, mimina au chota kwa kijiko safi, na epuka ya zeituni na ya haradali, kwani yana uwezo wa kulegeza lile tabaka la juu. Kuhusu njiti, angalia sehemu ya mwisho.

Na poda?

Haina kazi ya maana. Vumbi lake huingia kwenye mapafu, na likilowana kwenye mikunjo hugeuka tope linalochubua.

## Kitovu

Kitunzweje mpaka kidondoke?

Kiwe safi na kikavu, basi. Kikunjie nepi chini yake ili mkojo usikifikie, kiache kipate hewa, na kikichafuka kioshe kwa maji safi na ukikaushe. Kwa kawaida hudondoka kati ya siku ya 5 na ya 15. Usikivute hata kikining'inia kwa uzi.

Kisiguswe na majivu, udongo, mate, kinyesi cha mnyama, mafuta wala dawa ya mitishamba. Mbegu za bakteria wa pepopunda huishi udongoni na kwenye kinyesi, na kisiki cha kitovu ni nyama iliyokufa isiyo na hewa ya kutosha, mahali pale pale wanapopapenda. Chanjo ya pepopunda aliyopata mama wakati wa ujauzito humkinga mtoto, lakini haizuii bakteria wengine wanaopita njia hiyo hiyo.

Nimepewa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya kitovu. Niitumie?

Kama umepewa na mhudumu wa afya, ndiyo, kwa jinsi alivyokuelekeza. WHO huipendekeza (ile inayotoa asilimia 4) mara moja kwa siku katika wiki ya kwanza, kwenye maeneo ambako kuweka vitu vyenye madhara kitovuni kumezoeleka. Kwingineko usafi na ukavu vinatosha, na dawa huchelewesha tu kitovu kudondoka.

Tahadhari moja nzito: chupa yake ndogo hufanana na ya matone ya macho, na kuna watoto waliodhurika macho kwa kutiwa dawa hiyo kimakosa. Iweke mbali na dawa nyingine zote, na somea lebo kwenye mwanga.

Nitajuaje kwamba kitovu kimeambukizwa?

Inua kisiki kwa vidole safi uangalie shina lake, kwa sababu tatizo huanzia pale kinapokutana na tumbo. Utelezi kidogo, harufu hafifu, hata tone la damu siku ya kudondoka ni kawaida. Usaha, harufu ya kuoza, na ngozi ya kuzunguka kitovu kuwa nyekundu, kuvimba, kuwa ngumu au yenye joto si kawaida. Mpeleke siku hiyo hiyo. Wekundu ukitambaa tumboni, ngozi ikianza kung'aa au kuwa ya zambarau, au mtoto akilia ukimgusa tumbo, hiyo ni dharura: mishipa ya kitovu ina njia fupi ya kufika kwenye ini na damu.

Kimedondoka lakini kuna kinyama chekundu chenye majimaji. Ni maambukizi?

Mara nyingi ni nyama ya kidonda iliyokua kupita kiasi, haina maumivu, na hutibiwa kirahisi kituoni. Ila majimaji yakiwa mengi na ya kudumu aonwe na daktari, kwani mara chache huwa ni njia iliyobaki wazi kutoka kwenye kibofu au utumbo.

## Vipele

Siku ya pili ametokwa na vipele mwili mzima. Ameambukizwa?

Yaelekea hapana. Karibu nusu ya watoto waliotimiza miezi hupata mabaka mekundu yenye kipele cheupe au cha njano katikati, kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Dalili yake kubwa ni kuhamahama: asubuhi viko kifuani, jioni vimeenda mgongoni. Mtoto ananyonya na kulala kama kawaida. Huisha vyenyewe ndani ya wiki moja au mbili.

Vipo na vingine visivyo na neno. Vipunje vyeupe puani ni vinyweleo vilivyoziba. Harara hutokea aliyevikwa nguo nyingi, mpunguzie. Watoto wenye ngozi nyeusi wakati mwingine huzaliwa tayari na vilengelenge laini vinavyopasuka upesi na kuacha madoa meusi, ambayo hufifia katika miezi michache. Chunusi za usoni za wiki ya pili hadi ya nne nazo huondoka bila dawa.

Sasa vya maambukizi vikoje?

Tazama kimoja kwa karibu. Kipele cha stafilokokasi kimejaa usaha au maji yaliyochafuka, paa lake ni jembamba na legevu. Kikipasuka huacha kidonda kibichi, chenye unyevu, na ukingo wa ngozi iliyojikunja. Baadaye hufunikwa na gaga la njano. Hakihami. Vinaongezeka pale pale, hasa kwenye kinena, kwapa, shingo na kuzunguka kitovu, sehemu zenye mikunjo na unyevu. Kwa kawaida huanza baada ya siku chache, si saa chache.

Kwa mtoto aliye chini ya siku 28 vipele vya usaha huonwa na mhudumu wa afya hata kama ni vichache na mtoto ananyonya vizuri. Mhudumu ataamua kama ni dawa ya mdomo nyumbani au sindano hospitalini.

Nivitumbue ili usaha utoke?

Hapana. Unafungua mlango na kusambaza usaha kwenye ngozi ya jirani. Vivyo hivyo kwa matiti yaliyovimba: watoto wengi, wa kike na wa kiume, huvimba matiti kwa sababu ya homoni za mama, na wengine hutoa matone ya maziwa. Ukiyakamua unaweza kuyasababishia jipu la kupasuliwa. Yakiachwa hunywea yenyewe. Titi moja likiwa jekundu, la moto na gumu, hilo tayari limeambukizwa.

Mtoto wangu ni mweusi, wekundu siuoni. Niangalie nini?

Swali la haki, maana maelezo mengi yameandikwa kana kwamba watoto wote ni weupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu, tena huonekana vizuri kwenye mwanga wa jua kuliko wa taa. Tumia mkono: gusa kwa mgongo wa vidole, linganisha na upande wa pili wa mwili. Ni moto zaidi? Ngozi imekaza, inang'aa, ngumu? Analia ukigusa hapo tu? Manjano nayo itafute kwenye weupe wa jicho, fizi, viganja na nyayo.

Nepi imemchubua. Ni fangasi?

Mchubuko wa kawaida hukaa palipogusana na nepi na hauingii ndani ya mikunjo. Fangasi hufanya kinyume: huingia kwenye mikunjo, huwa mwekundu sana, na kuzungukwa na vipele vidogo vilivyojitenga. Chungulia na mdomoni, kwani utando mweupe usiofutika mara nyingi huambatana na fangasi. Mchubuko hutibiwa kwa kubadilisha nepi mapema, kumwacha bila nepi kwa muda, na krimu nzito ya zinki. Fangasi huhitaji dawa yake. Krimu ya mchanganyiko yenye steroidi iliyobaki kwa mtu mwingine isitumike. Hupunguza wekundu huku fangasi wakiendelea kuota.

## Lini ni hatari

Ni dalili gani zinataka hospitali bila kusubiri asubuhi?

Angalia mtoto kabla ya kuangalia kipele. Hanyonyi au ananyonya kidogo kuliko jana, amepata degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zinaingia ndani anapopumua, hajongei mpaka aguswe, joto la mwili limezidi 37.5 au liko chini ya 35.5, amekuwa wa manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au viganja na nyayo zimekuwa za njano wakati wowote. Hiyo ya joto kushuka husahaulika. Mtoto mchanga aliyeambukizwa damu anaweza asipate homa kabisa; akapoa tu na kunyamaza, na watu wakasema leo ametulia.

Kwa nini wanataka kumlaza na kumtoa damu na maji ya uti wa mgongo, wakati ana kipele na homa tu?

Kwa sababu kwa umri huu hakuna anayeweza kujua kwa macho kama vijidudu vimebaki ngozini. Damu, mkojo na maji ya uti wa mgongo ndivyo vinavyoonyesha, na antibaiotiki huanzishwa bila kungoja majibu. Inauma kumwona akichomwa. Kuchelewa kunaumiza zaidi.

## Hali za pekee

Wangu ni njiti. Ngozi yake ina tofauti gani?

Kubwa. Katika wiki ya 24 ya ujauzito lile tabaka la juu karibu halipo. Hukamilika kufikia wiki ya 34 hivi. Ngozi ya njiti mdogo ni telezi, karibu ya kuonyesha ndani, na hupoteza maji na joto kwa kasi. Habari njema ni kwamba kuzaliwa kwenyewe huiharakisha ikomae, kwa wengi ndani ya wiki mbili hadi nne, ingawa waliozaliwa mapema mno huchukua muda zaidi.

Plasta zibandike wahudumu, chache kadiri iwezekanavyo, na zibanduliwe polepole kwa maji. Mafuta apakwe tu kwa ushauri wa wodi. Kilicho na ushahidi mkubwa ni kumbeba kifuani kwa mtindo wa kangaruu, saa 8 hadi 24 kwa siku. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ukachapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wenye uzito mdogo waliobebwa hivyo tangu mara baada ya kuzaliwa walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubirishwa mpaka hali itulie.

Shangazi ana vidonda vya homa mdomoni. Anaweza kumbusu?

Hapana, hata shavuni, hata kama vimekauka nusu. Virusi vya hepesi, ambavyo kwa mtu mzima ni usumbufu wa wiki moja, kwa mtoto mchanga vinaweza kufika kwenye ubongo na ini. Mama mwenye kidonda hicho aendelee kunyonyesha kama titi halina kidonda, avae barakoa na anawe mikono. Ukiona vilengelenge vidogo vilivyojikusanya pamoja, kimbia hospitali. Dawa ya virusi ikianza mapema hubadilisha mambo.

Mama amepata tetekuwanga karibu na kujifungua, itakuwaje?

Kipindi kibaya ni kuanzia siku 5 kabla ya kujifungua hadi siku 2 baada yake, kwa kuwa virusi hupita bila kingamwili za mama kupata nafasi ya kufuata. Toa taarifa mara moja. Kuna kingamwili maalumu za kumchoma mtoto kabla hajaugua.

Amezaliwa na malengelenge kwenye viganja na nyayo.

Wahudumu watapima kaswende, mama na mtoto. Hutibika kwa penisilini.

Ngozi inatoka kwa mabamba, utadhani ameunguzwa na maji ya moto.

Hiyo ni sumu ya stafilokokasi inayosafiri kwenye damu na kutenganisha tabaka za ngozi. Huanza na wekundu kuzunguka mdomo na kwenye mikunjo, mtoto akilia kwa kuguswa tu. Kisha ngozi huteleza chini ya kidole. Mfunge kwa shuka safi laini, usipake chochote, mpeleke hospitali. Anapotibiwa mapema hupona bila makovu, kwa kuwa ngozi huachana juu juu.

Tunataka kumtoboa masikio. Tungoje mpaka lini?

Hakuna haraka yenye faida. Ngojeni angalau apite miezi miwili au mitatu na awe ameanza chanjo, ambazo kwa pepopunda huanza akiwa na wiki 6. Katika mwezi wa kwanza ni tundu la ziada kwenye ngozi ambayo haijawa tayari kulilinda.